Kufufua mto wa jiji: anza na mabomba, chupa zitangoja

Hapa Malindi tukifungua mfereji tunakunywa mto ulioanzia Nairobi, na wengi wetu hatulijui hilo. Mto Nairobi, Ngong na Mathare inaungana, inaingia Athi, Athi inashuka maporomoko ya Fourteen Falls kule upande wa Thika, inapita Machakos na Makueni, inaingia Tsavo, ikikutana na mto Tsavo jina linabadilika inakua Galana, na ikifika huku kwetu ni Sabaki, inamwaga baharini kati ya Malindi mjini na Mambrui. Ni safari ya karibu kilomita 390. Pale Baricho kando ya mto ndipo kuna visima vinavyolisha Malindi, Kilifi mpaka Mombasa, kwa hiyo mama anayemwaga ndoo mtoni Mathare na mama anayeteka maji mtaa wa Barani hapa Malindi wanatumia mto mmoja, tofauti ni kwamba mmoja yuko juu na mwingine yuko chini.

Basi mi naandika hii kwa ndugu zetu wenye vikundi vya usafi kule Nairobi, na kwa yeyote anayekaa karibu na mto wa mjini na amechoka kuuona ukifa. Nitasema jambo moja halafu mengine yote yatalifuata. Mto wa jiji haufufuki kwa kuokota taka wala kwa kupanda miti, unafufuka ukiziba kile kinachoingia ndani yake kila siku, na hicho mara nyingi ni maji ya choo. Taka zinaonekana ndio maana kila mtu anakimbilia taka, lakini samaki hauliwi na chupa ya plastiki, anauliwa na kukosa oksijeni.

Iko hivi. Kinyesi na maji ya jikoni yakiingia mtoni, bakteria wanaanza kuyala, na wakila wanatumia oksijeni iliyo ndani ya maji. Samaki wengi wanataka oksijeni ya miligramu 5 kwa lita au zaidi, ikishuka chini ya 2 karibu kila kitu kinachopumua kinakufa au kinakimbia, halafu wanaingia bakteria wasiotaka oksijeni kabisa na hao ndio wanatoa ile harufu ya yai viza na kugeuza tope kua jeusi. Sasa ukiokota taka zote ukaacha lile bomba linamwaga, umepata mto mweusi usio na chupa.

Miji iliyofaulu ilianza hapo hapo. Mto Thames wa London mwaka 1957 wataalamu waliutangaza umekufa, hakuna uhai, uliporudi ulirudi kwa sababu mitambo ya kusafisha maji taka ilijengwa upya ikapanuliwa. Singapore walianza kusafisha mto wao 1977 wakamaliza 1987, miaka kumi mizima, na walichofanya kwanza ni kuwahamisha wafugaji, wachuuzi na karakana waliokua kwenye kingo wakapelekwa mahali penye laini za maji taka, ndio baadaye wakazoa tope la chini. Paris walipiga marufuku kuogelea mto Seine mwaka 1923 na watu wakaruhusiwa tena 2025, na katikati hapo kulikua na kazi ya kurekebisha nyumba zilizounganishwa vibaya, na boti za kuishi watu zilizokua zinamwaga choo moja kwa moja, tena wakajenga tangi kubwa la chini ya ardhi la kushika maji ya mvua ili laini zisifurike. Na Nairobi yenyewe tumeona, marehemu John Michuki alipokua waziri wa mazingira kuanzia 2008 alisafisha kipande cha mto pale karibu na mzunguko wa barabara wa Globe mpaka watu wakapumzika hapo, alipofariki 2012 pakaharibika tena, ikabidi pafanyiwe kazi upya 2020. Kipande kimoja hakiwezi kubaki safi kama juu yake kunamwagwa.

Tembea mto kabla ya kufanya chochote

Hii ndiyo kazi kubwa na haina gharama. Chagueni kipande mnachokiweza, kutoka daraja hadi daraja, kilomita mbili tatu zinatosha. Tembeeni kiangazi, wakati hakujanyesha siku kadhaa, manake hapo kila bomba au mfereji unaotoa maji unajishtaki wenyewe: mvua haijanyesha, sasa haya maji yametoka wapi? Wakati wa mvua kila kitu kinatiririka na huwezi kujua lipi ni lipi.

Tembeeni mkipanda juu, kinyume na maji. Mkiona maji yana harufu endeleeni kupanda mpaka harufu iishe, mkifika mahali pasafi mmeshapita chanzo, rudini nyuma polepole mkiangalia kingo zote mbili. Angalieni mawe ya chini. Panapoingia maji ya choo mawe huota utelezi wa kijivu wenye nyuzinyuzi ndefu zinazocheza na maji, huo ukiuona usitafute mbali, bomba liko hapo hapo juu. Mkiona maji yanameremeta rangi nyingi juu chukueni kijiti mguse huo utando, ukivunjika vipande vipande na visirudi pamoja hiyo ni bakteria ya chuma ya kawaida tu ya udongo, lakini ukijikusanya tena ukafunika pale ulipopagusa hiyo ni oili, tafuteni gereji.

Jambo ambalo watu wengi wa vikundi hawaambiwi ni kwamba laini kubwa za sueji zimelazwa makusudi kando ya mito, kwa sababu maji taka yanashuka yenyewe bila pampu na mto ndio sehemu ya chini kabisa. Kwa hiyo menholi ikiziba kwa matambara, mafuta ya kupikia yaliyoganda na mchanga, haina pa kufurikia isipokua mtoni. Chora ramani ya menholi zote za kipande chenu, zile zilizoibiwa vifuniko ziwekeni alama nyekundu, manake menholi bila kifuniko ndiyo inayotupiwa taka na ndiyo itakayoziba kesho. Na nawaomba sana, kijana yeyote asiingie ndani ya menholi hata kwa dakika moja, hata kama ameahidiwa pesa. Mle mna gesi inayomwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumuokoa anafuata. Hiyo ni kazi ya kampuni ya maji yenye vifaa.

Kila mnapokuta pigeni picha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha jengo au daraja ili mahali pajulikane, na simu iwe imewashwa ile ya kuonyesha mahali. Andikeni saa, rangi, harufu, povu, na kama maji ni ya moto moto maana maji ya mto hayapati joto bila sababu. Rudini saa tofauti. Wapo wanaofungulia usiku, na wapo wanaongoja mvua kubwa ndio wafungulie, wakijua itaosha ushahidi.

Kupima kwa vitu vya nyumbani

Si lazima maabara mwanzoni. Chukua sahani nyeupe ndogo, itoboe, ifunge kamba yenye mafundo kila sentimita kumi na kijiwe chini, ishushe majini mpaka usiione tena, hesabu mafundo, hicho ndicho kipimo cha uangavu wa maji. Fanyeni kila wiki, mahali pale pale, saa ile ile, muandike kwenye daftari. Pia jazeni chupa ya kioo maji ya mto, muiweke juu ya kabati bila kuigusa usiku kucha. Sisi hapa tukichota Sabaki wakati vuli imenyesha bara maji yanakua chai ya maziwa, na asubuhi chini ya chupa kumelala udongo mwekundu laini kabisa unaoshika vidoleni, huo ni udongo wa shamba la mtu na wa kiwanja cha ujenzi cha mtu.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha wadudu, na watoto wa shule wanakifanya vizuri kuliko sisi wakubwa. Mahali penye maji ya kina kifupi geuza jiwe taratibu, upande wa chini. Ukikuta mabuu bapa yenye mikia miwili au mitatu myembamba yakikimbilia kivulini, mto huo uko hai, hao hawavumilii uchafu. Ukikuta mabuu ya kereng'ende na konokono, hali ni ya katikati. Ukikuta vijinyoo vyekundu na ruba peke yao, oksijeni imeisha. Uzuri wake ni kwamba mdudu anakaa mtoni miezi, kwa hiyo hata mtu akimwaga usiku na asubuhi maji yakaonekana safi, mdudu atakua amekufa na utajua.

Mkitaka kwenda mbele basi maabara, oksijeni, amonia na E. koli (bakteria wa kinyesi). Sampuli ya vijidudu iwe kwenye chupa iliyochemshwa, ndani ya boksi la barafu, na ifike maabara siku hiyo hiyo, ikilala kwenye joto majibu hayana maana. Ipelekwe na watu wawili, wote wasaini. Vaeni glavu na gambuti kila siku ya mtoni, homa ya panya na pepopunda si maneno ya kutishana.

Sasa ziba

Mkiwa na ramani na daftari mnaweza kusema mambo kwa majina yake. Menholi inayofurika ni ya kampuni ya maji na sueji, pigeni simu, chukueni namba ya malalamiko, andikeni tarehe, na baada ya siku chache mkaangalie. Mara nyingi hii peke yake inaondoa uchafu mwingi kuliko usafi wa mwaka mzima wa Jumamosi.

Kiwanda, kichinjio, gereji, sehemu ya kuosha magari, hawa wanatakiwa wawe na leseni ya kumwaga maji, na kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliwawekea kikomo, uchafu unaokula oksijeni (ile wanaita BOD) usizidi miligramu 30 kwa lita kabla hayajaingia mtoni. Mnayo haki ya kuiona hiyo leseni na vipimo vyao. Katiba kifungu cha 35 na sheria ya kupata habari ya 2016 zinaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, andikeni barua fupi ya heshima mkitaja jina la bomba na picha, mpeleke NEMA, mamlaka ya mazingira, na nakala kwa mamlaka ya rasilimali za maji, WRA, mkagongewe muhuri kwenye nakala yenu. Na kama kimya kimezidi, kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara. Mi kifungu hicho nakipenda sana manake kinamaanisha hata mvuvi wa Sabaki anaweza kusimama kwa ajili ya maji ya Nairobi.

Kisha kuna nyumba zisizo na sueji kabisa, na hapa ndipo nataka watu wawe na roho ya kibinadamu. Baada ya mafuriko ya 2024 watu wengi wa mitaa ya Mathare na Mukuru walibomolewa nyumba kwa sababu ya kua karibu na mto. Ni kweli ukanda wa mto ni lazima ubaki wazi, kanuni zile zile za 2006 zilisema mita 6 hadi 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko, na anayelala hapo anahatarisha watoto wake. Lakini mtu aliyehamishwa bila choo atajisaidia mahali pengine na mvua itakileta kinyesi mtoni vile vile. Mukuru, ambayo ilitangazwa eneo maalum la mipango mwaka 2017, imelazwa laini nyembamba za sueji zinazopita kwenye vichochoro, za kina kifupi, na nyumba zinaungwa nyingi nyingi kwa pamoja. Hiyo ndiyo njia. Kikundi chenu kinaweza kuhesabu nyumba, kutaja ploti zenye choo kinachomwaga mtoni, na kukaa na wenye nyumba mpaka waunge. Ukimuona mwenye ploti usianze na polisi, mwambie mzee, bomba lako liko hapa, kuunga kunahitaji hiki na hiki, sisi tutachimba mtaro. Wengi wanakubali. Na lori la kunyonya choo likionekana limeegesha darajani usiku, namba yake ipigwe picha.

Kwa shule au ploti kadhaa zilizo mbali na laini inawezekana kutengeneza kinamasi kidogo cha kuchujia. Kwanza septiki ya kutuliza uchafu mzito, halafu kitanda cha kokoto cha kina cha nusu mita na kidogo, chini kimezibwa kwa udongo wa mfinyanzi au plastiki nzito, juu mmepanda matete. Maji yapite ndani ya kokoto yasionekane juu, la sivyo mnafuga mbu. Matete yakatwe kila yakikomaa. Hii haiwezi kua dawa ya jiji zima, jiji linataka mitambo kama ile ya Ruai na Kariobangi ifanye kazi kila siku, lakini kwa shule ni kitu kizuri sana.

Taka

Hapa nitapita haraka kwa sababu mnaijua. Mkizoa taka ziondoke siku hiyo hiyo, rundo lililoachwa kwenye ukingo mvua ya usiku inalirudisha. Fungeni kizuizi cha kuelea, mitungi mitupu ya plastiki ndani ya wavu, mahali maji yanapoenda polepole, na kifungwe mshazari ili taka zisukumwe upande mmoja ambapo mtu anasimama na reki. Kamba ya upande mmoja iwe ya kufunguka haraka mafuriko yakija. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na kweli imepungua, sasa hivi ni chupa, nepi na viatu. Na jaa la Dandora liko ukingoni mwa mto, hilo ni suala la kaunti na serikali, vikundi vyote vya chini ya hapo vinafaa kulisema kwa sauti moja.

Kingo, na udongo

Mabomba yakishazibwa ndio mje kwenye miti. Karibu na maji pandeni vitu vya mto, matete, mafunjo, mwanzi, juu kidogo mikuyu. Mikaratusi hapana, inakunywa sana na chini yake hakuoti nyasi. Gugumaji msithubutu hata kama mtu amewaambia linasafisha maji, kumbukeni vile lilivyolifunika bwawa la Nairobi. Ukingo uliomomoka msikimbilie saruji, ukuta wa saruji unayapeleka maji kwa kasi kwa jirani wa chini, lazeni kwanza mteremko, mawe kwenye nyavu mguu wa ukingo, nyasi zenye mizizi mirefu juu.

Na viwanja vya ujenzi. Hili ndilo sisi wa Malindi linatuumiza zaidi. Vijidudu vya Nairobi vingi vinakufa njiani na kinyesi kinaliwa na bakteria, mto unajisafisha sana kwenye maporomoko na mchanga wa Tsavo, kisha Baricho maji yanachujika mchangani na kutiwa dawa. Lakini udongo na plastiki havifi. Vuli ikinyesha bara na huku kaskazi imeanza kuvuma, maji mekundu yanasukumwa kusini, yanageuza bahari mbele ya mji na kushuka mpaka upande wa mbuga ya baharini, ile iliyoanzishwa 1968. Kusi ikivuma yanapelekwa juu, kwenye ghuba ya Ungwana. Wanasayansi walichunguza tumbawe la hapa Malindi lenye umri wa karibu miaka 300 wakaona ndani yake kwamba udongo kutoka mtoni ulianza kuongezeka karne ya 20, mashamba na mifugo vilipozidi bara. Tumbawe linalofunikwa na tope halipati mwanga, likifa tafi na changu wanahama, na mvuvi anaenda mbali zaidi kwa petroli ya mkopo. Si kwamba tunataka mto usilete udongo kabisa, kamba wa Ungwana na mikoko ya mchu inayoota pale mlangoni inautaka, tunataka urudi kua wa kiasi.

Kwa hiyo mkandarasi akirundika udongo kando ya mtaro mwambieni aufunike na aweke kizuizi cha magunia ya mchanga chini yake. Mkulima wa ukingoni aache ukanda wa nyasi. Na anayechota mchanga mtoni asichote ukingo.

Na sisi wa huku tusijifanye wageni. Malindi wengi tunatumia mashimo na septiki, zijengwe mbali na visima na zinyonywe kwa wakati, mitaro ya mvua ya Kisumu Ndogo na Maweni isitupiwe taka manake yote inaishia ufukweni, na mchu wa Sabaki usikatwe kuni.

Kitu cha mwisho ni simu. Wekeni kundi moja la WhatsApp la mto mzima, mtu mmoja kila daraja, Nairobi, Athi, Makueni, Baricho, Sabaki. Ujumbe uwe mfupi: mahali, saa, rangi, harufu, povu, samaki wamekufa au hapana, picha mbili. Maji ya juu yanachukua muda kufika kwetu, kwa hiyo mtu wa juu akitoa habari mapema, wa Baricho wanajua na mvuvi wa Sabaki anajua. Na wa Sabaki akiona samaki wanaelea naye aandike hapo hapo, ndio wa kila daraja waanze kutembea kupanda juu mpaka mahali ambapo samaki bado wako hai.